Robota la Sauti Nne

Kila asubuhi, Justina Mahona alipowasha kompyuta kwenye kibanda chake cha steshenari karibu na soko la Bariadi, kabla mashine haijatulia vizuri kilitokea kidirisha kidogo katikati ya kioo. Kilimwambia kwamba programu yake ya kufunga na kufungua mafaili imezeeka, liko toleo jipya, je, alipakue? Justina alikifunga kama mtu anavyomfukuza kuku mlangoni, bila hasira na bila kumtazama. Kisha aliinamisha kichwa, akamwomba Mungu abariki kazi ya mikono yake, akaanza kuchapa.

Hata akiulizwa, asingeweza kusema kidirisha kile kilianza lini. Kilikuwa kama kikohozi cha mzee wa nyumbani: unakisikia, unaendelea kupeta mchele.

Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, elimu yake darasa la saba, na sauti yake ni sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa lao tangu usichana. Kuchapa alijifunzia ukubwani, kwa mama mmoja aliyekuwa karani wa kiwanda cha kuchambua pamba. Huko kiwandani ndiko alikotoa neno lake. Mafaili mengi yakibanwa yakawa faili moja, vijana wanasema kuzipu. Justina alisema kufunga robota, kwa kuwa aliona ni kazi ileile: pamba nyingi, laini, inabanwa mpaka inakuwa kitu kimoja kigumu, inapigwa mikanda, inasafiri. Wateja wakalizoea. Mwanafunzi wa chuo alifika kibandani akasema, "Mayu, nifungulie robota," kwa Kisukuma mayu ni mama, akafunguliwa.

Kwaya nayo ilitegemea marobota yake. Mwalimu Fredrick, kiongozi wa kwaya, alikuwa na kipaji cha kutunga ambacho hakuna aliyekikataa, ila waimbaji wake hawakujua nota. Kwa hiyo walibuni njia yao. Wimbo mpya ukitungwa, kila sauti ilirekodiwa peke yake kwa simu, soprano, alto, tenori na besi, halafu Justina akazifunga pamoja na kila mmoja akapewa kwenye flashi au simu yake. Mtu alijifunza akipalilia mtama, akichunga, akipika. Siku ya mazoezi walikuja kuunganisha tu.

Na jambo hili lilikuwa siri kubwa. Mgeni anaweza kushangaa kwa nini wimbo wa kumsifu Mungu ufichwe kama mbegu ya wizi, lakini hapo itabidi awaelewe Wasukuma. Zamani ngoma zilikuwa na kambi mbili, Bagika na Bagalu. Walicheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watu wakahamia kule kunakonoga, upande mwingine ukabaki na vumbi lake. Ngoma zile zilipokatazwa kuingia kanisani zilibaki nje ya uzio, ila ushindani wenyewe uliingia ndani na viatu vyake, ukakaa mabenchi ya mbele. Kwaya ya Bariadi na kwaya ya Kiloleli zilipendana katika Bwana, na hakuna iliyokuwa tayari kusikia wimbo wa mwenzake umetangulia wake.

Mwaka huo Fredrick alitunga wimbo wa mavuno wenye kiitikio cha Kisukuma, wimbo uliomfanya hata mumewe Justina, Masele, ambaye kanisani husinzia, aulize nyumbani ule wimbo unaendaje. Waliuimba msimu mzima wa kulima, madirisha yakiwa yamefungwa. Tamasha la kwaya mwaka huo lilikuwa Nassa, kwaya zote za ukanda ule.

Kura ikawapa Kiloleli kutangulia. Mwalimu wao, Elia, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, akanyanyua mkono. Wakaimba wimbo wa mavuno.

Ulikuwa uleule, na kiitikio chake, na pale ambapo besi wanashuka peke yao. Justina alikuwa amekaa na wenzake wamevaa sare mpya. Alimtazama Fredrick. Fredrick alikuwa anatazama chini kama anayetafuta sindano.

Hata hapo mambo yangeweza kuwa nafuu. Lakini Elia alipomaliza kupigiwa makofi, kwa moyo wake mweupe, alichukua kipaza sauti akasema, "Tunamshukuru sana mama yetu Justina wa Bariadi, aliyetutumia wimbo huu mzuri. Huu ndio upendo wa Kikristo."

Kuna shukrani zinazoumiza kuliko matusi. Kwaya nzima ya Bariadi iligeuza shingo.

Wakati wa kurudi hakuna aliyekaa karibu naye. Kikao kikaitwa, na Nyanjige, soprano wa mstari wa mbele, mwanamke mwenye sauti ya kutoboa bati, ndiye aliyesema kilichokuwa kwenye mioyo ya wengi. Alikumbusha kwamba binti wa Justina, Joyness, ameolewa Kiloleli, na kwamba Joyness huyo anaimba kwaya ya Elia. Damu ni nzito, alisema. Mama yeyote angetaka mwanawe apendeze ukweni.

Justina akajibu kwamba hajatuma wimbo kwa mtu. Nyanjige akamuuliza, basi umeendaje. Justina akasema hajui, labda kompyuta.

"Kompyuta haina miguu," Nyanjige akasema, na watu wakacheka, hata wale waliokuwa wanampenda.

Wakaamua apumzike kuimba mpaka jambo lieleweke. Neno lenyewe lilikuwa hilo, apumzike, kama vile amechoka. Maisha yake yote Jumapili alikuwa amesimama kati ya watu wale na kitabu cha tenzi mkononi. Sasa angekaa na wageni na wenye watoto wachanga, na kila aliyeingia angejua kwa nini. Kufukuzwa duka angestahimili. Kuitwa mtu asiyetunza siri, na mbele za Mungu, hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa sato.

Kesho yake akamwita Deogratias, fundi wa kompyuta anayehudumia nusu ya mji. Deogratias alikuja akiwa anatafuna muwa, akakaa, akabofya hapa na pale, na uso ukabadilika. Akamwonyesha. Siku ya msiba wa jirani, Justina alipokuwa matangani na kompyuta imeachwa ikiwaka kwa sababu ilikuwa inachaji simu za wateja, barua pepe zilitoka kwa jina lake kwenda kwa kila anwani aliyowahi kuiandikia. Elia alikuwemo, kwani mwaka uliopita Justina alimchapishia kadi za harambee. Ndani ya kila barua kulikuwa na robota, na robota lenyewe lilikuwa la kwaya, pamoja na kitu kingine kilichojipenyeza humo.

Akamuuliza kama aliwahi kufungua robota lolote la kigeni. Justina akafikiri. Ndiyo. Mwalimu Fredrick mwenyewe alipata midundo ya kinanda ya bure kwenye kundi la simu, simu yake ikagoma kuifungua, akamrushia yeye. Akafungua. Midundo ilikuwa mizuri kabisa.

"Sasa sikiliza, mama," Deogratias akasema. "Ukifungua robota, unategemea pamba imwagike hapa ulipotandika turubai, si ndiyo? Hili ndani yake kulikuwa na kifurushi kilichoandikwa: mimi msinimwage hapa, nipelekeni chumbani kwa mwenye nyumba. Programu nzuri ingekataa. Hii yako ya zamani ina tundu, haikagui, ikakipeleka. Kikalala huko. Ulipowasha kompyuta asubuhi, kikaamka na wewe."

"Na tundu hilo linajulikana?"

"Dunia nzima. Walishaliziba zamani kwenye toleo jipya. Ila hii haijibadilishi yenyewe, mpaka mtu alipakue hilo jipya. Si inakukumbusha kila siku?"

Justina akakumbuka kuku wake wa kila asubuhi, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Halafu likamjia jambo jingine.

"Na hii ya zamani," akauliza taratibu, "aliiweka nani humu?"

Deogratias akakohoa. Alikuwa na flashi moja nyeusi, imefungwa kamba ya kiatu, aliyokuwa anaiita flashi ya mbegu. Humo aliweka programu zake zote tangu alipoanza ufundi, na kila kompyuta mpya mjini ilipandwa kutoka humo, ili mtu asimalize bando lake kupakua. Mbegu ileile, mwaka hadi mwaka. Akasema lakini inafanya kazi vizuri. Akasema na kompyuta ya kanisa ina hiyohiyo na haijawahi kusumbua.

Justina alitamani kusema neno, akalimeza, akamwomba Mungu amsamehe lile alilolimeza. Wakasafisha mashine. Toleo jipya lilipakuliwa kwa bando la Justina, na lilikuwa dogo kiasi kwamba aliona uchungu upya: kitu chenye ukubwa wa picha chache za harusi, ndicho kilichomgharimu kwaya.

Sasa akadhani kazi ngumu imekwisha, maana ukweli ameupata. Hapo ndipo alipokosea. Ukweli wa namna ile ulikuwa kama samaki aliyelowa sabuni, kila aliyepewa kumshika alimwangusha.

Alikwenda kwa wazee wa kanisa na karatasi ya zile barua zilizotumwa. Wakaisoma kwa makini, wakamuuliza: jina lililopo hapa si lako? Akasema ni lake, lakini hakuandika yeye. Wakatazamana. Alivyozidi kueleza habari za tundu na kifurushi cha chumbani, ndivyo alivyozidi kufanana na mtu anayedanganya. Mzee mmoja alimuuliza kwa huruma kama kompyuta imewahi kupata malaria, kwa kuwa amesikia zinaugua virusi. Mwingine akauliza kama hicho kidudu kinaweza kuruka kwenye mashine ya kusaga. Mama mmoja wa kikundi cha maombi, kwa upendo wote, alikuja kibandani na chupa ya mafuta, akakemea, akaipaka kompyuta kwenye paji la uso na kwenye vidole. Vidole vya kompyuta ni herufi zake. Kwa majuma kadhaa herufi A iligandamana, na barua zote zilizotoka kwa Justina zilisomeka kama zimeandikwa na mtu anayelia.

Joyness naye akapiga simu kutoka Kiloleli kuuliza kwa nini mama hajafurahi, wakati kule wamemsifu mpaka mkwe amechinja kuku. Justina akamwambia mwanawe asifungue robota lolote lenye jina lake. Joyness akacheka, akasema mwalimu Elia ameshalifungua siku nyingi, kwenye kompyuta ya ofisi yao, na iko salama.

"Iko salama," Justina akarudia, akakata simu, akaweka kichwa kwenye meza.

Masele alikuwa anasuka kamba ya ndama pale uani aliposikia yote hayo kwa mara nyingine. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema zizi likiwa na tundu, fisi haulizi ni zizi la mlokole au la mpagani. Kisha akasema, "Wewe umeziba lako. Kaa utulie. Fisi hajashiba, atapita kwa jirani, na jirani atapiga yowe." Justina akamwambia hilo si jambo la kumtakia jirani. Masele akasema hajamtakia mtu, ametaja tabia za fisi tu.

Jumapili kadhaa Justina alikaa na wageni. Aliimba kutoka kwenye kiti, sauti ya pili, polepole, maana hakuna aliyemkataza Mungu kumsikia.

Ilikuwa Jumamosi moja alasiri alipopita kanisani kuchukua sufuria za akina mama, akasikia Fredrick ofisini anacheka peke yake. Akachungulia.

"Mwadila, mwalimu."

"Mwadila, mayu. Karibu." Fredrick akajaribu kuficha kioo kwa bega. Lakini alikuwa na furaha isiyofichika, na Justina akaona. Ilikuwa barua kutoka kwa Elia wa Kiloleli, isiyo na salamu wala maelezo, na ndani yake robota. Juu yake limeandikwa jina la wimbo ambao Kiloleli wangeuimba Pasaka.

Justina akashika mlango. "Mwalimu, usilifungue hilo."

Fredrick akasema kwa upole kwamba anaelewa uchungu wake, lakini huenda Elia amejisikia vibaya, sasa anarudisha wema kwa wema. Justina akamwambia Elia hajui hata kama ametuma, ampigie simu amuulize. Fredrick akasema ukimpigia mtu simu kuuliza kama amekosea kukutumia siri yake, atakwambia uifute. Hapo ndipo Justina alipojua kwamba mwalimu ameelewa yote kasoro moja.

"Programu ya hapa ni ileile ya Deogratias," akasema. "Ina tundu. Nakuomba, mwalimu. Mimi nimeshapita njia hii."

"Nitasikiliza mstari mmoja tu," Fredrick akasema, na akabofya.

Justina akachukua sufuria zake akaondoka. Njiani alikuwa amekasirika mpaka akakosea nyumba yake kwa mlango mmoja, na jirani akamkaribisha ugali.

Jumatatu Fredrick aliwasha kompyuta ya kanisa, akaenda shambani. Sasa, mwalimu huyu alikuwa na desturi ya kurekodi mazoezi na kusema maoni yake mwenyewe kwenye simu baada ya watu kuondoka, ili akumbuke pa kurekebisha. Rekodi hizo alizitunza ofisini, kwenye robota alilolifunga mwenyewe. Kufikia mchana robota hilo lilikuwa limefika kwa mchungaji, kwa wazee wa kanisa, kwa Kiloleli, kwa viongozi wa kwaya zote zilizofika Nassa, na kwenye simu ya Nyanjige. Sauti ya Fredrick, safi kama ya redio, ilisema kwamba besi wanaimba kama ng'ombe wanaokokotwa kuvuka mto Simiyu, na kwamba Nyanjige akipanda juu ni mbuzi aliyekanyagwa mkia, lakini afanyeje, sare zote zimeshonwa kwa mchango wake.

Elia, mtu wa Mungu, alipiga simu kushukuru kwa mafundisho.

Jioni ile Fredrick alikuja kibandani kwa Justina. Hakuwa amenyoa. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akashika kofia kwa mikono miwili, akaitazama mashine ya fotokopi kama vile haijawahi kuwepo.

"Mayu," akasema mwisho, "sikutuma mimi."

Justina alikuwa ameyangoja maneno mengi siku zile. Alikuwa ameyapanga na majibu yake, mengine makali kidogo, na moja lilihusu miguu ya kompyuta. Lakini mtu alikuwa amekaa mbele yake na sura ya mwenye msiba, na maneno aliyoyasema yalikuwa yaleyale aliyoyasema yeye mbele ya kikao wakacheka.

"Najua, mwalimu," akasema. "Najua kabisa."

Fredrick akafunika uso kwa kofia.

Jumamosi iliyofuata, kabla ya mazoezi, Fredrick alisimama mbele ya kwaya akaeleza habari za tundu, na safari hii watu walisikiliza, kwa sababu wengi wao walikuwa ng'ombe kwenye ile rekodi. Alisema Justina hakuwa na kosa kuliko mtu yeyote pale. Alisema midundo ya kinanda ilitoka kwake yeye. Akamwomba msamaha kwa jina, akamwomba arudi mahali pake. Nyanjige alikuwa bado hajaamua amkasirikie nani. Ila alisogea kwenye benchi, akaondoa mkoba wake, nafasi ikawa wazi, na Justina akaketi. Walipoimba, sauti ya pili ilijaa ule ubavu uliokuwa umepungua, na Justina alilia kidogo, akajipangusa kwa pindo la kitenge, akaendelea.

Baada ya mazoezi kulikuwa na wimbo mpya wa kufunga robota. Fredrick akamwambia aufungie palepale ofisini, kompyuta imeshatengenezwa, Deogratias alikuja juzi kuisafisha, ameifuta yote na kuipanda upya. Deogratias mwenyewe alikuwepo, anatafuna muwa mlangoni, anangoja kusifiwa.

Justina akakaa. Akawasha. Mashine ikaamka, safi, inang'aa, na kabla haijatulia kikatokea kidirisha kidogo katikati ya kioo. Programu yako imezeeka. Liko toleo jipya. Je, ulipakue?

Kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, alikisoma mpaka neno la mwisho.

"Deogratias, baba," akaita, kwa sauti yake ileile ya upole ambayo watoto wa Jumapili wanaiogopa kuliko fimbo. "Ulitumia ile flashi ya mbegu?"

Deogratias akasema ndiyo, ipi nyingine?

Justina akanyoosha mkono. Fundi akamtazama Fredrick, na Fredrick akatazama dari. Deogratias akaitoa mfukoni, na kamba yake ya kiatu, akaiweka kwenye kiganja cha Justina. Justina akaifunga kwenye pindo la kitenge, fundo juu ya fundo, akakigeukia kile kidirisha, akabofya ndiyo.

"Bando ni la nani?" Fredrick akauliza.

"La kwako, mwalimu," Justina akasema. "Leta simu."